Kiporo cha Mji Mkongwe: Vituo Kumi Kabla ya Ndege ya Saa Nane

Wasafiri wa begi mgongoni huila Zanzibar kwa mpangilio mmoja. Wakishuka botini wanaupita Mji Mkongwe mbiombio, wanapanda daladala ya Nungwi au Paje, wanajilaza mchangani mpaka hela ianze kuhesabika kwa vidole, kisha usiku wa mwisho wanarudi mjini kwa sababu moja tu: uwanja wa ndege uko karibu. Hivyo ndivyo mji ulioingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000 unavyogeuzwa kiporo.

Haya, na tukile. Aliyelelewa kwenye nyumba ya maharage ya nazi anajua kwamba ya jana, yakipashwa vizuri, huyashinda ya leo. Ila kiporo kina sharti lake: hakiongezwi. Kilichomo sufuriani ndicho hicho, na asubuhi uliyobakiwa nayo ndiyo hiyo hiyo.

Masharti mengine ni haya. Ndege ni saa nane mchana, saa sita uwe foleni, kwa hiyo saa tano na nusu unauaga mji. Begi limefungwa tangu jana usiku na liko mapokezi. Kama bado unaitafuta soksi ya pili, makala hii utaisomea nyumbani. Tunakwenda kwa miguu, mabega na magoti yamefunikwa, maana pwani ya watu wa vichupi umeshaiacha nyuma. Maji mkononi, hela ndogondogo mfukoni, kitambulisho karibu. Hesabu inashuka kutoka kumi.

10. Forodhani bila moshi (saa 12 na robo)

Forodhani ya usiku unaijua: taa, moshi, mishikaki ya pweza, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, vijana wa kofia za upishi wanaokuita "rafiki" ungali hatua hamsini, na ile pizza ya Zanzibar ambayo ni chapati iliyofungiwa yai, nyama ya kusaga na chochote kilichosalia mezani. Alfajiri meza zote zimekwisha kuondoka. Wamebaki wafagiaji, wazee wanaotembea kwa amri ya daktari, na paka.

Bustani hii ilikarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa upya mwaka 2009, na saa hizi ndipo unapoiona ilivyopangwa: njia zake, miti yake, ukuta wa baharini, ngalawa zikirudi na tanga moja. Kaa ukutani, usifanye kitu. Mzee akipita mwambie "Shikamoo", au ukitaka akuangalie mara mbili, "Sabalkheri". "Mambo vipi" iache Kariakoo ikusubiri.

*Kijembe:* paka wa hapa wanakutazama kwa upole wa watu waliokula nusu ya mshikaki wako jana na hawajutii.

9. Beit el Ajaib na vita vya dakika 38 (saa 12 na dakika 40)

Geuka tu shingo. Jumba lile refu lenye nguzo na varanda kila upande ndilo Beit el Ajaib, Jumba la Maajabu, alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Likawa jengo la kwanza Zanzibar kupata umeme na la kwanza Afrika Mashariki kuwekwa lifti. Lakini maajabu nayo huchoka: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Litazame kutoka ng'ambo ya barabara, na kijana akikunong'oneza kwamba ana binamu mwenye ufunguo, mwombee binamu huyo afya njema uendelee na safari.

Hapo hapo mbele yako ndipo palipopiganwa vita vifupi kuliko vyote vilivyoandikwa. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akaketi kwenye kiti bila ridhaa ya Waingereza. Wakampa muda: mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ameshaondoka. Khalid hakuondoka. Saa tatu na dakika mbili manowari zikaanza kupiga. Kasri likaanguka, meli ya Sultani, Glasgow, ikazama bandarini, watu kama 500 upande wa Zanzibar wakauawa au kujeruhiwa. Kufika saa tatu na dakika 40 kila kitu kilikuwa kimekwisha, na Khalid yuko ndani ya ubalozi mdogo wa Wajerumani. Ukitembea kuelekea bandarini sasa hivi, unakanyaga ardhi iliyopigwa mizinga ile.

*Kijembe:* ukiambiwa mwisho wa kutoka ni saa nne, toka kabla ya saa nne. Mwenye nyumba ya wageni hana manowari, ana bili.

8. Mizingani, barabara ya waliotoroka na waliowahi (saa 1)

Fuata bahari kuelekea kaskazini. Kulia kwako ni Jumba la Makumbusho ya Kasri, lililokuwa makazi ya masultani mpaka Mapinduzi ya 1964. Kama muda wa kufungua haujafika, usijisikitikie, hadithi yake inatembea na wewe nje.

Hadithi hiyo ni ya Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844, binti wa Sultani Said. Salme alijifunza kuandika kwa siri, akielekeza kalamu kwenye mifupa ya bega la ngamia, kwani msichana hakutarajiwa kushika kalamu. Akampenda jirani yake, mfanyabiashara Mjerumani Heinrich Ruete, akapata mimba, na mwaka 1866 akaondoka usiku kwa meli ya kivita ya Waingereza mpaka Aden. Mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Ukoo ukanuna kwa miaka mingi, lakini leo ndiye mtu wa ukoo ule anayetajwa kuliko wote.

Mbele kidogo utaupita Mtini, mti mkubwa wenye kivuli kinachotosha kituo cha mabasi, ambapo mafundi wa mashua na manahodha hushinda. Kisha Dispensari ya Kale, yenye varanda za mbao zilizochongwa mpaka ukaona kama zimefumwa. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, aliweka jiwe la msingi mwaka 1887, akafariki 1891, na jengo likamalizika 1894. Aliyelipa hakukaa kwenye varanda hata siku moja. Wewe unapita bure na bado unalalamika jua.

*Kijembe:* Salme alitoroka usiku, bila tiketi, ukoo mzima ukimsaka, na akawahi chombo. Wewe umeandikiwa saa, mlango na namba ya kiti.

7. Changuu, kisiwa usichokwenda (saa 1 na nusu)

Simama hapa hapa Mizingani utazame baharini. Kile kisiwa cha kijani ni Changuu, ambacho wageni hukiita kisiwa cha gereza. Nahodha ameshakuona. Anasema ni nusu saa tu kwenda, nusu saa kurudi, kobe wapo, maji masafi, "na wewe wa nyumbani, ntakufanyia".

Usiende. Nakupa habari zake hapa hapa ukutani ili moyo utulie. Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri wa kwanza wa Sultani, alijenga gereza pale mwaka 1893, lakini kisiwa kikaishia kutumiwa kama karantini ya abiria walioshukiwa kuwa na maradhi. Kobe wakubwa waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, zawadi ya gavana wa huko, na wapo wanaosemekana kuvuka miaka 100. Wanakula majani, wanalala, wanasubiri. Hawana ndege.

Hesabu nayo ni hii. "Nusu saa" ya nahodha inaanza injini ikiwaka, na injini inawaka abiria wakitimia. Abiria wakitimia upepo umegeuka, upepo ukigeuka nahodha anakwambia "Inshallah". Inshallah ni neno zuri sana, lakini kaunta ya uwanja wa ndege haina kitufe chake.

*Kijembe:* kobe wa Changuu walimsubiri babu yako, watamsubiri mjukuu wako. Mwachie na yeye kitu cha kuona.

6. Malindi: mnada, halafu tumbo (saa 1 na dakika 45)

Sasa ingia Malindi, upande wa bandari, boti za uvuvi zinakoshusha. Mnada wa samaki hauna maikrofoni wala nyundo. Mnadi anamwinua jodari kwa mkia, anamgeuza ubavu huu na huu, anaanza kutaja bei kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Wanunuzi hawasemi; mmoja anatikisa kidevu, mwingine anainua nyusi, na bei inasogea. Mama mmoja mwenye ndoo anafunua shavu la changu kwa kidole gumba kuona wekundu, anabonyeza tumbo, ananusa kidole, anamrudisha samaki kwa dharau ambayo hata samaki ameielewa. Pweza wamelala beseni zima, rangi ya mawingu ya masika. Simama pembeni, usikune kichwa hovyo: mkono ukiinuka vibaya utasafiri na nguru wa kilo sita.

Baada ya hapo kula. Mji unaamka na vitafunwa vyake: vitumbua vilivyoungua kidogo pembeni, mkate wa ajemi uliotoka tanurini, chapati za tabaka, maharage ya nazi, mandazi yenye iliki, chai ya maziwa yenye tangawizi. Kaa kwenye mgahawa usio na menyu, ule ambao mpishi anakujibu "kipo" au "kimekwisha", na ukisema "niletee unachoona kinafaa" anafurahi kweli. Urojo uache, huo ni wa mchana na jioni, na bajia zake, kachori na viazi vinataka mtu asiye na mkanda wa kiti cha ndege kiunoni.

*Kijembe:* supu ya pweza inasifiwa kwa mambo mengi ambayo hutayahitaji kwenye kiti 17B.

5. Vichochoro vya Kiponda na Hurumzi: kupotea kwa ratiba (saa 2 na nusu)

Zima ramani ya simu. Humu ndani kuta zimekaribiana na nyumba ni ndefu, kale kadoti ka bluu kanaruka mtaa hadi mtaa, na wewe unakafuata ukutani. Potea kwa makusudi, nusu saa kamili. Mji wenyewe ni mdogo: ukitembea upande mmoja bila kukata tamaa utatokea baharini, na ukitembea upande wa pili utatokea Darajani. Katikati hapo hakuna dhambi.

Tazama milango. Wenye upinde juu na misumari mikubwa ya shaba ni wa asili ya Kihindi. Wenye kizingiti kilichonyooka, wakati mwingine na maandishi ya Kiarabu, ni wa mtindo wa Kiomani. Kwenye fremu tafuta mnyororo, samaki, ua la yungiyungi, majani ya mtende. Mlango ulikuwa cheo: ulitangulia kuchongwa na nyumba ikajengewa nyuma yake. Na ule mdogo uliokatwa ndani ya mkubwa ndio wa kila siku, unaomlazimisha hata tajiri kuinama anapoingia kwake.

Papasi, yule kijana wa kuwafuata wageni mitaani, atakwambia misumari ile ni ya kuzuia tembo wasivunje mlango. Desturi hiyo ya misumari inatajwa kutoka India, na huko sawa. Hapa mwache amalize, kisha angalia upana wa kichochoro. Vespa inapita kwa kukunja mabega, mkokoteni wa hamali ukija inabidi ukaribishwe sebuleni kwa mtu. Tembo angefika Kiponda akiwa vipande.

Ukikuta baraza, yale mabenchi ya mawe yaliyoshikana na ukuta, na mtu amekaa, salimu kwanza ndipo upige picha, na upige ya mlango. Mwenye mlango si sehemu ya nakshi.

*Kijembe:* kama umemwona paka yule yule mara tatu, hujapotea wewe. Mnaishi mtaa mmoja.

4. Shangani na ubishi wa nani mkubwa (saa 3)

Vichochoro vikikutema upande wa Shangani, utajua kwa foleni ya simu zilizoinuliwa. Pale ni makumbusho ya Freddie Mercury, yaliyofunguliwa mwaka 2019. Freddie, kwa jina la kwao Farrokh Bulsara, alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 katika familia ya Waparsi, akasomeshwa bweni India, na mwaka 1964 familia ikahamia Uingereza. Huko akaanzisha sharubu na bendi ya Queen, na vyote viwili vikatikisa viwanja.

Mashabiki wa Queen watazame kwa raha zao. Lakini kama tunabishana nani mkubwa kati ya waliotoka mji huu, basi tubishane sawasawa.

Weka jina la pili: Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka kijana baada ya Mapinduzi, akashinda Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Mwaka uliofuata riwaya yake iliyomweka kwenye ramani ilitoka kwa Kiswahili, *Peponi*, kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis. Nafasi yake ni kwenye begi lako. Sharti utoe ile taulo ya hoteli ambayo tunajua wote ilikofikia.

Weka la tatu: Siti binti Saad wa Fumba, binti wa familia ya watumwa, aliyefika mjini akiuza vyungu kwa kuviita kwa sauti. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo, kwa Kiswahili, na nyimbo zake zikawa magazeti ya waliokuwa hawasomi. Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Aliaga dunia mwaka 1950.

Mmoja aliondoka na sauti, mmoja aliondoka na kumbukumbu, mmoja alikuja mjini na vyungu. Matokeo: Siti anashinda, kwa sababu yeye peke yake alirudi kulala nyumbani.

*Kijembe:* umepiga picha na bango la Freddie mara tisa. Siti hana foleni. Mtafute kwenye simu ukiwa unasubiri ndege, na uweke sauti juu kidogo.

3. Jaws Corner: kahawa na bunge lisilo na spika (saa 3 na nusu)

Kutoka Shangani ukifuata Sokomuhogo utafika kwenye makutano ya vichochoro yenye picha ya papa ukutani, bendera, na mabenchi yaliyojaa. Ndiyo Jaws Corner. Hapa bao linachezwa kwa kelele, dhumna zinapigwa mezani kama zina deni, na kila uchaguzi tangu vyama vingi virudi umeshachambuliwa, ukahesabiwa upya na kupewa matokeo mengine.

Muuza kahawa ana dele la shaba juu ya makaa, na mkononi vikombe viwili vidogo visivyo na mkono, ambavyo anavigonganisha, kech kech, bila kutangaza kitu kingine. Anakisuuza kikombe ndani ya ndoo kwa mzunguko mmoja wa kidole, anamimina kutoka juu bila tone kupotea, anakupa. Ni chungu kweli. Ndiyo maana ana kashata za karanga na nazi kwenye sahani: chungu hapa, tamu pale, na katikati siasa. Usiombe maziwa. Utapewa jibu la heshima na sifa itakayobaki.

Mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mgeni wa wapi?"

"Mwanza."

"Ahaa, kwa sangara. Kaa, kaa. Na waondoka lini?"

"Leo, mzee. Ndege saa nane."

"Saa nane?" Anatazama jua, kisha anawatazama wenzake. "Mpe cha pili huyu. Yakhe, msogelee, mtu wa kusafiri huyu."

Na hapo utaulizwa mambo ya kwenu kwa undani: bei ya mchele, nani mbunge wenu, kwa nini timu ile ilifungwa. Jibu kwa kifupi. Ukijidai kujua, utapingwa na mtu ambaye hajavuka bahari tangu utoto lakini ana takwimu zako zote. Kiswahili chako cha bara nacho kitasahihishwa hapo hapo, bila malipo, mbele ya umma.

*Kijembe:* hiki ndicho kituo pekee ambacho kila mtu anajua una haraka na kila mtu anakuomba ukae.

2. Mkunazini (saa 4)

Hapa vicheko tunavitia mfukoni.

Dakika chache kutoka barazani liko kanisa kuu la Anglikana, na chini ya kanisa hilo ndipo lilipokuwa soko la watumwa. Walioletwa hapa walitembezwa kutoka bara, wengi kutoka nchi za Ziwa Nyasa na Tanganyika, wakavukishwa bahari, wakauzwa. Juni 1873, kwa shinikizo la Waingereza, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko. Ujenzi wa kanisa ulianza mwaka huo huo, ukisimamiwa na Askofu Edward Steere, ambaye pia alikuwa miongoni mwa waliokiandikia Kiswahili vitabu vya sarufi na tafsiri. Alifariki mwaka 1882 na kuzikwa nyuma ya madhabahu. Madhabahu yenyewe inatajwa kusimama pale palipokuwa na mti wa kuwachapia watumwa.

Ukiingia, angalia nguzo ndogo karibu na mlango wa magharibi: zimesimama kichwa chini miguu juu. Zilisimikwa hivyo wakati askofu hayupo, na akaziacha. Tafuta pia msalaba wa mbao uliotokana na mti wa kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, ambako moyo wa mmisionari Livingstone ulizikwa.

Nje, ndani ya shimo la mraba, zimesimama sanamu tano za watu, minyororo shingoni. Ni kazi ya mchongaji wa Sweden Clara Sörnäs, ya mwaka 1998, na minyororo ni ya kweli. Sura zao haziko juu wala chini ya macho yako ukiinama kidogo, na ndipo unapoona kila mmoja anatazama upande wake. Kuna maonyesho ya maelezo na vyumba vya chini vyenye dari la kukuinamisha. Chukua mwongozaji wa pale pale. Onyesha kitambulisho kwenye kiingilio, kwani mwenyeji na mgeni hawalipi sawa.

Wengi huja hapa mwisho wa safari na husema wangetangulia hapa. Nadhani mwisho panafaa zaidi. Milango uliyoisifu saa mbili na nusu, majumba ya Mizingani, karafuu unazokwenda kununua sasa hivi: utajiri ulioyasimamisha ulipitia uwanja huu na mashamba yaliyolimwa na waliouzwa hapa. Baada ya Mkunazini unaukumbuka upya mji wote ulioutembea tangu alfajiri.

*Kijembe:* hapa hakuna.

1. Darajani: mtu harudi mikono mitupu (saa 4 na nusu mpaka saa 5 na nusu)

Hatua chache tena na unamwagika Darajani, penye soko lililojengwa mwaka 1904, honi, matikiti na wauza kandambili. Upande wa pili wa barabara ni Ng'ambo, wanakoishi wengi wa watu wa mji huu, na zamani kati ya pande hizi mbili palikuwa na mkono wa bahari kabla haujafukiwa. Saa moja imebaki. Kazi ni tatu.

Ya kwanza, kanga. Chagua rangi, lakini soma jina kabla ya kulipa. Muuzaji, mama wa makamo aliyejifunga mtandio, atakupangia doti kumi juu ya meza, na wewe utapenda ile nyekundu.

"Hii ya nani, mwanangu?"

"Ya mama mkwe, Bi mkubwa."

Atasoma, atakohoa kidogo. "*Mdhania ndiye siye.* Hewalla. Ndoa ina muda gani?"

Ataibadilisha mwenyewe. Hawa wameokoa ndoa nyingi kuliko mabaraza ya usuluhishi. Bei piga taratibu na kwa utani. Kiswahili kitakushushia, ila ukisema "bei ya mwisho" kabla hujaulizia hali yake na ya watoto, ya mwisho itakuwa ya kwanza.

Ya pili, viungo. Karafuu, iliki, mdalasini, pilipili manga, kungumanga. Shika karafuu moja, ifinye kwa ukucha: ikitoa mafuta, nunua, ikivunjika kikavu, mshukuru muuzaji. Chukua pakiti za jikoni, za pilau na chai. Magunia yaache, biashara kubwa ya karafuu ina wenyewe na sheria zake. Na magamba ya kobe, matumbawe, kombe kubwa za baharini usiguse, hata ukiuziwa kwa kunong'onezwa. Hasa ukiuziwa kwa kunong'onezwa.

Ya tatu, achari. Ile ya embe yenye pilipili, kwenye chupa. Msafiri wa begi moja anayeingia nalo ndani ya ndege akumbuke kipimo cha vitu vya majimaji mkononi, mililita 100. Achari ni majimaji. Haluwa nayo, ukimpata mkaguzi mwenye falsafa, huweza kuwa majimaji. Ama ulipie begi liende chini, ama nunua mkate wa ajemi, kaa kwenye ngazi, umalize chupa hapo hapo. Nimeona watu wazima wakifanya hivyo kwa utulivu mkubwa.

Kisha kachukue begi. Daladala ya uwanja wa ndege ni nambari 505. Uliza siku hiyo inapakia wapi, maana vituo vya mjini vimehamahama. Ni kilomita chache tu kusini, lakini 505 ina desturi ya kumngoja abiria aliyeonekana kwa mbali akifikiria kupanda. Ikifika saa tano na nusu hujaiona, chukua teksi, patana kabla mlango haujafungwa, usitazame nyuma.

*Kijembe cha mwisho:* ukifika nyumbani utamsimulia shangazi habari za Khalid na dakika zake 38, za Salme na kalamu yake, za nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Atakusikiliza kwa adabu zote, "ehe", "kumbe", "makubwa", huku mkono wake uko ndani ya begi lako mpaka kwenye kiwiko, anatafuta karafuu.